Nafasi Chini ya Turubai

Turubai la baba linanuka pumba. Nimelifua kwa sabuni ya unga, nimelianika juani kutwa nzima, na bado linanuka pumba, grisi na moshi. Mama alinikabidhi baada ya arobaini ya baba. Akasema, "Hili ni lako. Alisema upewe wewe, siyo wadogo zako." Nililipokea kama mtu anavyopokea kitu asichokitaka. Nina chumba kimeezekwa bati, turubai la nini? Nikalisukumia chini ya kitanda, nikajifanya nimelisahau.

Wiki iliyopita nikalivuta tena. Nitaeleza kwa nini, na sitazunguka.

Mama mkwe wangu alimpakata binti yangu Nyemo, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Akamfungua nepi. Akamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mtoto aliyekojoa. Kisha akasema kwa sauti tamu, ile ya kubembeleza ng'ombe asimame akamuliwe, "Mama Nyemo, mtoto huyu akikojoa analia. Ana lawalawa huyu. Nipe wikiendi moja tu nikatembee naye Mpwapwa, bibi zake wamwone. Utamwona anavyorudi mzima."

Lawalawa, kwa asiyeijua, ni hii: mtoto wa kike anawashwa, akikojoa anaumia. Hospitali wana jina lake na wana vidonge vyake. Lakini kwa wazee wetu wengi ni ugonjwa unaotoka kwa mizimu, na dawa yake ni moja, kumkeketa mtoto. Zamani walisubiri msichana akue, wakapiga ngoma. Sheria ilipobana wakaacha ngoma, wakashuka kwa watoto wachanga ambao hawawezi kusema. Kisu hawakuacha. Sasa mtu anakuomba mtoto kwa wikiendi moja tu, na wewe utabasamu useme asante mama kwa upendo wako.

Sikutabasamu. Niliposikia neno wikiendi nikasikia harufu ya pumba, na baba yangu akasimama mbele yangu na kope zake nyeupe.

Wa rika langu mliokulia vijijini mnazikumbuka mashine za kusaga. Baba alikuwa mwendeshaji wa mashine kijijini kwetu, njia ya Kondoa. Haikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kuiwasha, kuilisha na kuitukana. Jioni alirudi mweupe kope, mweupe masikio, akaoga kwa kopo moja la maji kwa sababu kisimani tulipanga foleni tangu jogoo la kwanza na mara nyingine tukarudi na tope. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza kitu alikutazama kwanza, kama anayepima debe lako limejaa kiasi gani, ndipo akujibu neno moja. Hakuwahi kunibeba mgongoni. Hakuwahi kunipeleka hata mnadani. Sikudhani ananichukia. Nilidhani baba ni hivyo, kama nguzo ya nyumba, haikusemeshi lakini ipo.

Kiangazi hicho mashine ikazima. Watu wakarudi kwenye kinu na mchi, na watoto wa shule tayari walijua sababu.

"Mashine yenu ina kiu," Seche akaniambia.

Seche ndilo jina tulilomwita Sechelela, mtoto wa shangazi yangu. Aliishi na mama yake upande wa pili wa uwanja wetu, nyumba moja na Bibi. Baba yake alikwenda machimboni kabla yeye hajaota meno na hakurudi. Seche alinizidi kidogo umri na alinizidi sana ujuzi wa kila kitu. Kwenye rede hakuna aliyemgonga kwa mpira. Alikuwa anapinda kama moshi.

"Kiu ya nini?" nikamwuliza.

"Ya damu, ya nini tena? Mashine isipopewa kafara inagoma. Mwenye mashine lazima atoe mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Alidundisha mpira, akaudaka. "Mtoto wa kwanza wa mwendeshaji. Kwani nani mwingine anailisha?"

Mtoto wa kwanza wa mwendeshaji nilikuwa mimi. Seche aliona uso wangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwoga wewe! Wakikuchukua, sahani yako ya bati naichukua mimi."

Ndiyo, ulikuwa utani. Lakini mtoto haachi utani uishie pale uliposemewa. Nililala nao.

Siku hizohizo nilikuwa nawashwa. Nikienda kukojoa nalia. Bibi alinikuta nyuma ya zizi nimekunja uso, akaniita kwake. Mimi nilipewa jina lake, na kwa hiyo hakuniita kwa jina, aliniita wajina. "Wajina wangu ana lawalawa," akasema, kama anayesema mawingu yamekusanyika. Mama alikuwa anapepeta uwele pale. Mikono yake ikasimama.  Ungo ukabaki hewani, na kuku wakaja wakadonoa zilizomwagika, na hakuwafukuza.

Tangu hapo nyumba yetu ikabadilika harufu. Bibi alitoa khanga mpya sandukuni, yangu na ya Seche. Jogoo wawili wakafungwa miguu, mweupe na mwekundu. Tukaambiwa Jumamosi atakuja mgeni, mwanamke mtu mzima, na tutapikiwa wali. Seche aliimba wali wali kutwa nzima. Mimi niliona wakubwa wananyamaza ninapoingia. Nilimwona Baba amesimama nyuma ya nyumba na Mama, wakinong'ona, watu ambao hawakuwahi kunong'ona, na Mama anafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikasikia maneno mawili tu: "Msituni," na "ziwani."

Basi nikajua. Mgeni ni mganga wa mashine, na kafara ni mimi.

Alfajiri ya Ijumaa, kabla Bibi hajatoka, Baba alinigusa bega. "Vaa viatu, mama." Aliniita mama kwa sababu ya lile jina la mama yake. Nikavaa. Nje alikuwa anafunga mzigo: turubai la mashineni, lile la kuanikia nafaka, sufuria, kifurushi cha unga, kamba ya katani, panga. Na juu yake, amefungwa miguu, yule jogoo mweupe.

Hapo nawaomba mfikirie kama mtoto. Kamba. Panga. Jogoo mweupe. Msitu. Nilikuwa na ushahidi wote.

Mama alinifunga kitambaa kichwani, akanifunga tena, akanifungua, akanifunga mara nyingine. Machozi yake yalinidondokea puani. "Umtii baba yako," akasema. Nani analia hivyo kama unakwenda kurudi? Nilipogeuka nilimwona Seche mlangoni kwa Bibi, ameshika kiatu kimoja mkononi, kingine kakivaa. Hakucheka. Alitutazama tu. Nikasema moyoni, huyu anasubiri sahani yangu ya bati.

Tulipanda basi hadi Kondoa. Jogoo alikaa magotini kwangu, akanipiga mbawa, na nilimwonea huruma kwa sababu tulikuwa safari moja. Niliwaza kumpigia kelele kondakta. Lakini ningesema nini? Baba yangu ananichinja? Na mwenyewe alikuwa amelala pembeni yangu na mdomo wazi, kope zake bila unga.

Hatukwenda moja kwa moja ziwani. Kwanza alinipeleka zahanati. Nesi mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, akanipa kikopo. "Kojolea humu, binti." Nilimtazama Baba. Akaitikia kwa kichwa. Nikalia, nikakojoa, nikamkabidhi, na nilijua kabisa kwamba mkojo wangu unapelekwa kwa mganga. Alirudi baadaye akazungumza na Baba, mimi nikiwa kwenye benchi nimekumbatia jogoo. Nilisikia nusu nusu.

"Anywe maji mengi. Mengi, baba, siyo kikombe. Na aoshwe vizuri kila siku. Dawa amalize."

"Kwetu maji hakuna," Baba akasema.

"Sasa mimi nifanye nini? Mtafutie maji."

Baba akatia pakiti ya dawa mfukoni. "Nimeshayapata," akasema.

Kisha nesi akashusha sauti, akauliza kitu kilichomfanya Baba atazame sakafu. Nesi akagonga meza kwa kiganja. "Usimrudishe kabla hawajaondoka! Unanisikia?" Mimi nilielewa kwamba mpango wote umeiva, hata serikali inajua.

Ziwa lilikuwa juu milimani, ndani ya miombo, mbali na barabara. Lori la mkaa lilitusogeza, tukamalizia kwa miguu. Mimi sikuwahi kuona maji yaliyolala bila mtu kuyagombania. Hakuna ndoo, hakuna foleni, hakuna mama anayetukanana na mama mwingine. Yalikaa tu, ya kijani pembeni kwenye matete, meusi katikati, na mayungiyungi yameyafunika kama sahani. Bata maji walielea wakatutazama, wakaendelea na mambo yao. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele ya mashine. Kwenye kelele unaweza kusikika ukilia.

Baba akapitisha kamba kati ya miti miwili, akatupia turubai juu yake, akalibana kwa mawe. Kumbe kamba ilikuwa ya hiyo. Sikuridhika. Kamba inaweza kuwa na kazi mbili.

Akawasha moto, akachemsha maji ya ziwa, akayapooza, akanipa kikombe. "Kunywa." Nikanywa. "Kunywa tena." Nikanywa. Akanipa kidonge. Nikakificha chini ya ulimi. Akasubiri. Aliniangalia kama anavyoiangalia mashine inayotaka kuwaka, mpaka nikameza mwenyewe. Kisha akachemsha tena, akachanganya na ya baridi kwenye sufuria, akaniwekea nyuma ya matete pamoja na sabuni mpya ambayo bado ilikuwa kwenye karatasi. "Jioshe vizuri," akasema, akageuka mgongo, akaenda kusimama mbali. "Usiingie ziwani, nesi kakataza. Jioshe kwa hayo."

Nyumbani tulioga kopo. Hapa nilipewa sufuria nzima, tena ya moto, tena na sabuni ya kunukia. Nani anaoshwa hivyo? Mbuzi wa sikukuu. Nilijisugua nikilia, na bata maji walinisikia.

Jioni akamchinja jogoo. Nilifumba macho. Nilipofumbua, jogoo alikuwa kwenye sufuria na mimi bado nilikuwa na shingo. Baba akasonga ugali wenye madonge, wa mwanamume asiyewahi kusonga ugali. Akaniwekea mapaja yote mawili. Hilo likanimaliza. Kwetu paja halikuwahi kumfikia mtoto wa kike, achilia mbali mawili.

"Baba," nikasema.

Akanitazama.

"Mashine inataka mtu?"

Alitafuna. Akameza. "Inataka mkanda."

"Mkanda?"

"Umekatika. Umeagizwa Dodoma."

Nilikaa na jibu hilo. Mkanda. Mabega yangu yalishuka kidogo, lakini shaka ni kama kupe, haitoki kwa kuvutwa mara moja. "Sasa kwa nini umenileta huku?"

"Upumzike."

"Nipumzike nini?"

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Nyumbani kuna wageni. Wakiondoka tutarudi."

"Mimi nataka kuwaona wageni. Kuna wali. Mbona Seche amebaki?"

Baba aligeuka akatazama ziwa. Alitazama kwa muda mrefu sana, mpaka nikageuka na mimi nione anachokiona, nikaona maji tu.

"Seche ana baba yake," akasema.

Mimi, mpumbavu wa utoto, nilielewa kwamba baba yake Seche amerudi kutoka machimboni. Kwamba na yeye atapelekwa ziwani kwake, na jogoo wake mwekundu. Nikamwonea wivu tena.

Jumamosi ilipita polepole. Maji, kidonge, maji. Alinifundisha kutupa jiwe bapa liruke juu ya maji. Alijua kumbe. Jiwe lake liliruka likavuka mayungiyungi, la kwangu likazama, na aliniletea mawe mengine mpaka nikapata moja lililoruka. Nilimwona akicheka, sauti haikutoka, ni mabega tu. Mchana nikaenda kukojoa, na nilirudi nikikimbia.

"Baba! Haiumi!"

Akakaa chini pale pale aliposimama. Akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa vyenye mikwaruzo, na sikujua kwa nini mtu anafunika uso kwa habari kama hiyo. Nikarudi kwenye shaka zangu. Pengine kafara lazima iwe nzima, isiwe na ugonjwa. Pengine sasa ndiyo niko tayari.

Tulirudi Jumapili mchana. Uwanja ulikuwa umefagiwa mno. Manyoya mekundu ya jogoo yalikuwa kwenye shimo la taka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, na mlango nyuma yake umefungwa.

"Shikamoo mama," Baba akasema.

"Sitaki shikamoo yako. Umemficha wajina wangu."

"Sijamficha. Alikuwa anaumwa, nimempeleka kutibiwa." Akatoa pakiti ya dawa mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha Bibi kama anayelipa. "Amepona. Hana lawalawa."

"Lawalawa inatibiwa kwa vidonge?" Bibi akacheka kicheko kikavu. "Nani kakuroga mwanangu? Mke wako?"

"Mwulize mwenyewe kama anaumwa."

Bibi akaniuliza. Nikasema haiumi. Akaniuliza tena, akinishika kidevu. Nikasema bibi, haiumi, na niliruka ruka nimwonyeshe. Bibi akaniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Ugonjwa ndio ulikuwa sababu yake, na ugonjwa haukuwepo. Hakumsemesha Baba mwaka mzima. Wakipishana uwanjani alifunika mdomo kwa khanga.

Seche alikuwa nyuma ya ule mlango. Sikuruhusiwa kumwona. Alipotoka, siku nyingi baadaye, alitembea kama amebeba ndoo iliyojaa maji kichwani, ilhali hakubeba kitu. Nilimletea mpira wa rede. Hakuupokea.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Ziwani."

"Mlikula nini?"

"Jogoo."

"Sisi pia," akasema. Akageuza uso.

Hakucheza rede tena. Nikashika ubingwa mimi, na niliringa. Hakuna mtu aliyenieleza. Mwaka uliofuata Baba alinipeleka kwa mama yangu mdogo hapa mjini, nikasoma mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilikuja kuyajua mambo haya darasani, kwa mwalimu wa biolojia, kwa sauti ya chini na wavulana wametolewa nje. Hata hapo sikuunganisha. Akili inajua kujilinda. Nilibaki na kumbukumbu ya wikiendi ya ajabu na baba mgumu, ya jiwe linaloruka juu ya maji, na ya woga ambao niliwasimulia watu kama kichekesho. Nimewachekesha wengi kwa hadithi ya mashine yenye kiu. Nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Tulipomzika Baba, Seche alikuja. Mama alishanieleza yote usiku uliotangulia, akilia: kwamba yeye ndiye aliyemwambia Baba kilichopangwa, kwamba Baba hakuwa na ndugu wa kumkimbilia kwa sababu ndugu wote wangemrudisha kwa Bibi, kwamba alichagua ziwa kwa sababu hapafiki mtu wa kubisha hodi, na maji yapo. Asubuhi nikamfuata Seche nyuma ya nyumba, alikokuwa anasugua masufuria ya msiba kwa mchanga. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani akizaliwa, na madaktari walimwambia wazi kovu lile ndilo lililomziba. Baada ya hapo mume akamrudisha.

"Seche," nikasema. "Mimi sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unaogopa mashine." Akatabasamu kidogo. "Mimi nilijua. Siyo kitu chenyewe, ila nilijua mjomba anakukimbiza. Nilipomwona anafunga mzigo, kabla wewe hujatoka ndani, nilikwenda kuvaa viatu. Nikavaa kimoja, nikamwuliza, mjomba, na mimi?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Kile kiatu mkononi.

"Akasemaje?"

"Akasema, wewe una baba yako." Seche akaendelea kusugua. "Alikuwa mtu mwema, mjomba. Msiba wake lazima nije."

Watu walikuwa wanaimba mapambio uani. Mimi nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanapiga. Siyo Bibi tu. Bibi alikufa zamani, na alifanya alichofanyiwa. Nilimkasirikia baba yangu aliyelala pale kwenye jeneza, niliyempenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Aliniokoa mimi, akanyamaza. Hakumwambia dada yake neno. Hakumwambia Bibi kitu hiki ni kibaya, alimwambia tu huyu wangu amepona. Alimwachia mtoto mwingine baba ambaye kijiji kizima kilijua hayupo. Turubai lile linaanikiwa magunia ya nafaka! Watu wanne wangelala chini yake wakanyoosha miguu. Seche alikuwa mwembamba kama ufito. Angechukua nafasi gani?

Sasa rudini kwa mama mkwe wangu.

Mume wangu alipotoka kazini nilimwambia. Akakuna kichwa. "Mama Nyemo, Mama anampenda tu mjukuu wake. Usimfikirie vibaya."

"Simfikirii. Kasema kwa mdomo wake. Lawalawa, Mpwapwa, wikiendi. Wewe umekulia hapa au Ulaya?"

"Basi mwambie mtoto anasafiri na wewe, mambo yaishe kimya kimya."

Kimya kimya. Alichagua neno baya la kuniambia.

Uwanja wetu una nyumba mbili. Ya pili anakaa wifi yangu, dada wa mume wangu, na binti yake Pendo, anayemzidi Nyemo miezi michache. Wifi ni mpole mpaka unaudhi. Mama yake akisema kaa anakaa. Wiki hiyohiyo nilimsikia mama mkwe akimwambia, "Na huyu wako nitakwenda naye hukohuko, wapone pamoja."  Niliona mikono ya wifi imesimama juu ya beseni la nguo, na mara ile nikamwona mama yangu na ungo wake.

Ijumaa asubuhi nikamfunga Nyemo mgongoni. Nikalivuta turubai chini ya kitanda, nikalibeba kichwani. Sikujua nalibebea nini. Nilitaka tu lionekane. Mama mkwe alikuwa uani anachambua mlenda, begi lake la safari liko tayari mlangoni. Mume wangu anakunywa chai. Mafundi wa jirani wako juu ya ukuta wanajenga.

"Unakwenda wapi na mzigo huo?" Mama akauliza.

"Shikamoo mama. Nampeleka Nyemo zahanati, apimwe mkojo, apewe dawa. Nikirudi nitakuonyesha pakiti. Lakini sikwambii habari ya pakiti." Nikapaza sauti, mafundi wakasimamisha mwiko. "Nakwambia hivi. Akiwa mgonjwa hakatwi. Akiwa mzima hakatwi. Siyo kwa sababu amepona. Ni kwa sababu sitaki, na ni kosa, na ukimgusa nitakwenda polisi mwenyewe kwa miguu, nikitoka hapo nije nikusalimie shikamoo kama kawaida."

"Mwanangu, unamsikia mke wako?" Mama akamgeukia mume wangu. "Ananitukana mbele ya mafundi!"

Mume wangu alitazama kikombe. Alikitazama kama Baba alivyotazama ziwa. Nikasubiri. Nilimpa nafasi ambayo hakuna mtu aliyempa baba yangu, nafasi ya kuulizwa mbele za watu.

"Mama," akasema mwishowe. "Mtoto haendi Mpwapwa."

"Na Pendo?" nikasema.

Akanyanyua uso. "Pendo si wangu mimi..."

"Malizia. Ana baba yake?"

Hakumalizia. Baba wa Pendo sote tunajua hajawahi kukanyaga uwanja huu. Nikamgeukia wifi, aliyesimama mlangoni kwake. "Wifi, mimi naondoka. Nimemaliza."

Nikatoka. Nilifika kwenye kona ya mashine ya kusaga, ya umeme siku hizi, inalia kama nyuki, ndipo nikasikia ndala zinakuja nyuma yangu, pa, pa, pa. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta ni mtu mwingine.

"Wifi, punguza mwendo basi," akasema akihema. Pendo alikuwa mgongoni, amefungwa ovyo, mguu mmoja nje. Wifi mwenyewe alikuwa amevaa kiatu kimoja cha kanisani na ndala moja.  "Nimeacha maharage jikoni."

"Yataungua."

"Acha yaungue."

Zahanati ilijaa, benchi hazikutosha. Nikatandika turubai la baba kwenye kivuli cha ukuta, tukawalaza watoto. Lilinuka pumba. Nyemo akaushika mguu wa Pendo akautia mdomoni. Wifi akakaa ukingoni kabisa, nusu chini kwenye vumbi, kama mtu anayeogopa kuwabana wengine.

"Sogea huku ndani," nikamwambia. "Mbona nafasi ipo."